Karani, Daftari na Mashine

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya makarani, mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya miaka 10 ya Chama chetu Kikuu)



Tumeombwa tuseme, nalo si jambo la kawaida. Kwa muda wa miaka 10 kazi yetu sisi makarani katika mikutano ya Chama imekuwa kuketi pembeni na kuandika wasemayo wengine. Mjumbe akinena kwa dakika 40, sisi twaandika mistari mitatu, na mara nyingi mistari hiyo mitatu yatosha. Leo tumesimamishwa mbele yenu, nasi twaona haya kidogo, kwa kuwa atakayeandika maneno yetu ni karani mwenzetu, naye ajua sana kufupisha.

Tuliloagizwa kulieleza ni kazi ya ofisini, ilivyokuwa na inavyogeuka. Tungeweza kusema habari za majumba marefu ya mijini, ambako watu hukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hata jioni. Lakini hayo mtayasikia kwingine. Sisi twapenda kusema habari za meza moja tuijuayo, yaani meza ya karani iliyo karibu na mizani, katika ghala la chama cha msingi, wakati wa msimu wa korosho. Na tuna sababu. Katika ajenda ya mkutano mkuu utakaofuata baada ya sherehe hii limo pendekezo la kupunguza makarani wa vyama vya msingi, kutoka watatu wabaki mmoja, kwa kuwa mashine sasa zafanya kazi yao. Hatukuja kulipinga pendekezo hilo kwa hasira. Tumekuja kuwaeleza ni kazi gani iliyochukuliwa na mashine, na ni kazi gani iliyobaki bila mwenyewe, ili mtakapoinua mikono mjue mnapunguza nini.

Chama Kikuu kilipoanza, ofisi nyingi za vyama vya msingi zilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi, sanduku la chuma na taa. Mizani ilikuwa ya rula. Mpimaji alisukuma jiwe juu ya rula mpaka mkono wa mizani utulie, kisha akataja uzito kwa sauti kuu ili wote waliopanga foleni wasikie. Karani aliandika uzito huo katika kitabu cha stakabadhi, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni: moja ya mkulima, moja ya Chama Kikuu, na moja ikabaki kitabuni. Aliyekuwa na mkono mwepesi hakudumu kazini, maana nakala ya tatu haikusomeka. Hata leo mkitutazama sisi wa zamani mtaona sugu katika kidole cha kati. Hiyo ndiyo alama ya kazi yetu, kama vile ninyi mlivyo na sugu za jembe, ijapokuwa yetu ni moja na zenu ni nyingi.

Usiku ndipo kazi ilipokuwa kubwa. Mnada ukishafanyika na bei kukubaliwa na wakulima, karani alitakiwa kuzidisha kilo za kila mtu kwa bei ile, kisha kutoa makato: usafiri, ghala, magunia, ushuru wa Halmashauri, na tozo za chama. Tuchukue mfano. Mkulima ana kilo 312, na bei ni shilingi 2,150. Hesabu yake kabla ya makato ni shilingi 670,800. Sasa karani mwenye usingizi akiandika 213 mahali pa 312, mkulima huyo amepoteza shilingi 212,850 kwa kosa la kalamu moja, wala hakuna mwizi aliyeingia ndani ya nyumba. Na wakulima walikuwa mia tano, pengine mia saba, katika chama kimoja. Tulihesabu mara mbili, kisha tukabadilishana madaftari, kila mmoja akamkagua mwenzake. Tulipotofautiana tulianza upya. Hata hivyo makosa yalipita.

Tuseme pia lililo la aibu, kwa maana sherehe isiyo na ukweli ni ngoma tupu. Si makosa yote yalikuwa ya usingizi. Walikuwako makarani waliojua kugeuza tarakimu, na wapimaji waliojua kuweka mguu penye mizani. Wakulima walikuwa na haki ya kututilia shaka. Ushirika wenyewe katika nchi hii ulijengwa na watu waliotaka mazao yao yapimwe kwa haki na kuuzwa kwa bei ya haki. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933; wenzetu wa tumbaku wa Songea wakaunda chao cha Ngoni-Matengo mwaka 1936; na wakulima wa pamba wa Ziwa Victoria, waliochoshwa na mizani za wanunuzi, wakaunganisha vyama vyao katika shirikisho kubwa mwaka 1955. Na hapa kwetu, nani asiyekijua kipimo cha kangomba, yaani mnunuzi wa njiani anayechukua korosho kwa bakuli wakati mkulima ana shida? Mtu aliyekwisha kupimiwa kwa bakuli hawezi kumwamini karani siku ya kwanza, wala ya pili.

Kwa hiyo mizani ya kielektroniki ilipokuja, sisi wenyewe tulifurahi. Tarakimu zaonekana kwa mkulima na kwa mpimaji sawasawa. Karatasi ya stakabadhi yatoka imechapwa, na uzito waingia katika mfumo papo hapo, bila mtu kuuandika tena. Fedha zilikuwa zikibebwa katika mifuko, askari mbele na askari nyuma. Sasa zaingia katika akaunti ya mkulima, naye apata ujumbe katika simu yake. Mnada nao umegeuka. Zamani wanunuzi waliandika bei zao katika barua, barua zikatiwa sandukuni, sanduku likafunguliwa hadharani na barua zikasomwa moja moja. Tangu msimu wa 2024/25 bei za korosho hushindanishwa kwa kompyuta, kwa njia ya Soko la Bidhaa Tanzania, liitwalo TMX. Hesabu ya kilo 312 mara shilingi 2,150, iliyotutoa jasho chini ya taa, mashine yaifanya kabla mtu hajapepesa jicho, wala haigeuzi 312 kuwa 213.

Msidhani jambo hili limeanza kwetu. Mashine ya kwanza ya kompyuta iliyofanya kazi za kila siku za ofisi haikutengenezwa kwa ajili ya jeshi wala benki. Ilitengenezwa na wauza chai na mikate. Kampuni ya J. Lyons ya London ilikuwa na migahawa mingi, na kila keki na kila kikombe kilihitaji karatasi yake. Ikawa na jeshi la makarani wa kuhesabu senti. Mwaka 1951 kampuni hiyo ikawasha mashine yake iitwayo LEO, iliyojaza chumba kizima, nayo ikaanza kwa kupiga hesabu za mikate. Miaka michache baadaye ikapewa kazi ya mishahara. Yasemekana karani mzoefu alitumia dakika 8 kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja. Mashine ile ilitumia sekunde moja na nusu. Twawasimulia haya ili mwone kwamba swali linaloulizwa leo katika ghala letu, yaani karani afanye nini baada ya hapo, limeulizwa kwa zaidi ya miaka 70.

Sasa twaomba mtusikilize kwa makini, maana tutakalolieleza lilitokea mikononi mwetu, katika chama kimoja cha msingi tusichokitaja jina.

Mfumo mpya ulipoletwa, tuliamriwa kuingiza majina ya wanachama wote katika kompyuta kutoka katika daftari la zamani. Tulipewa siku chache, kwa kuwa msimu ulikuwa mlangoni. Tulifanya kazi usiku na mchana. Mmoja alisoma, mmoja akaandika: namba ya uanachama, jina, kijiji, namba ya akaunti. Safu nne. Tulimaliza kwa wakati, tukapongezwa.

Msimu ukafunguliwa, mnada ukafanyika, fedha zikatoka. Baada ya siku kadhaa akaja bibi mmoja, mjane, ambaye alileta gunia 6 za korosho safi za daraja la kwanza. Tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu. Mimi bado sijapata." Tukafungua mashine. Mashine ikaandika: Amelipwa. Tukamwambia, "Bibi, fedha zako zimekwisha kuingia. Labda simu ina tatizo." Akaenda zake. Akarudi juma lililofuata. Mashine ikaandika yaleyale. Tukamwelekeza benki, benki wakamrudisha kwetu. Alikuja mara tano, kwa miguu, na mara ya tano hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza akasema, "Wanangu, hiyo mashine yenu niulizieni. Imemlipa nani?"

Hatukuwa na jibu. Karani kijana, tena hodari kuliko sisi wote kwa kompyuta, alitazama kioo akakuta kila safu imejaa na kila safu ni sahihi. Ndipo karani wa zamani, aliyekuwa amehamishiwa kazi ya stoo, akaenda kabatini akalitoa lile daftari la zamani, akalipangusa vumbi, akafungua ukurasa. Jina lilikuwapo, namba ilikuwapo. Lakini penye ukingo wa karatasi, nje ya mistari yote, yalikuwapo maneno madogo ya wino mwekundu yaliyoandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu: "Mwenyewe amefariki. Mkulima sasa ni mkewe. Alipwe mkononi."

Sisi tulikuwa tumesoma safu nne. Hatukusoma ukingo. Na hata kama tungalisoma, mashine haikuwa na mahali pa kuuandika.

Kwa hiyo fedha za yule bibi zilikuwa zimeingia katika akaunti ya mumewe aliyekwisha kuzikwa. Benki walisema, na sheria ilikuwa upande wao, kwamba fedha za marehemu hazitoki ila kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ikambidi bibi aende Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe, siku zingojwe. Ilikuwa mwezi Januari. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, akitakiwa aende na sare, godoro na ndoo. Alikwenda shule kwa kuchelewa majuma kadhaa, tena kwa vitu vya kuazima. Fedha zilipatikana mwishowe, zote, bila kupungua hata shilingi. Bodi ilimwomba radhi, nasi tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alitupa maji ya kunywa, akasema hana neno. Lakini msimu uliofuata jirani zake watatu waliuza korosho zao kwa kangomba, na walipoulizwa walisema afadhali bakuli unaloliona kuliko mashine usiyoweza kuiuliza.

Tangu siku ile tumelifikiri sana jambo hili, nasi twaona kwamba tulikuwa tumejidanganya juu ya kazi yetu wenyewe. Tulidhani kazi ya karani ni kujaza safu. Safu zilikuwa sehemu kubwa ya saa zetu, lakini ile iliyomfaa mkulima ilikuwa ukingoni. Karani alijua kwamba Hamisi wa stakabadhi hii na Khamisi wa daftari lile ni mtu mmoja, ila kitambulisho cha Taifa kimeandikwa kwa namna nyingine. Alijua kwamba shamba la namba fulani limegawanywa kwa ndugu wawili ambao hawasemezani. Alijua nani hajui kusoma, hivyo asomewe stakabadhi yake kabla ya kutia dole gumba. Haya hakufundishwa na mtu, wala hayakuandikwa katika barua yake ya ajira, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeyahesabu wakati wa kuhesabu faida ya mashine.

Ukingo huo una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Wengi hapa wakumbuka msimu wa mwaka 2018. Bei za mnada zilikataliwa, na Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yakatanguliwa na uhakiki, na wenye zaidi ya kilo 1,500 wakafuatwa hata mashambani ili ionekane kama kweli wana mikorosho ya kutoa mzigo huo. Siku zile daftari la chama, na karani wa kulieleza, vilikuwa na thamani kama ghala lenyewe. Hata leo mwanachama ambaye jina lake limekosewa katika orodha aweza kukosa salfa ya ruzuku, na ubwiriunga haungoji masahihisho ya majina.

Kuna mashine nyingine iliyotokea juzijuzi, nayo twaitaja kwa kifupi. Mwishoni mwa mwaka 2022 watu walianza kutumia ile iitwayo akili unde, ambayo huiambii tu kupiga hesabu bali waiagiza kuandika, nayo yaandika barua, taarifa, na hata muhtasari wa mkutano, kwa Kiswahili kizuri. Vijana wetu waliijaribu. Walisoma mbele ya simu mambo yaliyotokea katika kikao kimoja cha Bodi, wakaiomba iandike muhtasari. Ikaandika kurasa mbili safi kuliko zetu, tukiri hivyo. Lakini katika kifungu cha mkopo wa magunia iliandika kwamba wajumbe waliafikiana kwa kauli moja. Wajumbe wawili walikuwa wamepinga, tena kwa sauti, na mmoja alitoka nje. Mashine ilijua jinsi mihtasari mingi inavyoandikwa, ikaandika kama mingi. Kama muhtasari ule ungalitiwa saini na mhuri, mkaguzi wa hesabu angalisoma kwamba hakuna aliyeonya. Sasa twaitumia kwa barua za mwaliko na kwa kusahihisha tahajia, na kila karatasi inayotoka humo yasomwa na mtu aliyekuwapo kikaoni kabla haijaitwa muhtasari. Wenye maduka ya steshenari walio karibu na ofisi za Wilaya, waliozoea kuwapigia chapa wananchi barua zao, watuambia kwamba nao wanaitumia. Kwao ni faida tupu, maana mwenye barua yupo mbele yao akisikiliza inaposomwa.

Wako wanaosema kwamba mashine haziondoi watu kazini, huwaongezea tu kazi nyingine. Wako wanaosema kwamba zitawaondoa wote. Sisi twaona kweli iko katikati, tena hugeuka kwa wakati. Mashine ya kutolea fedha ilipowekwa katika benki moja ya Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, wengi walitabiri mwisho wa karani wa dirishani. Katika Marekani mashine hizo zilienea sana, na bado kwa miaka mingi makarani wa dirishani hawakupungua. Matawi yaliendeshwa kwa gharama ndogo zaidi, benki zikafungua matawi mengi, na karani akaacha kuhesabu noti akaanza kuzungumza na mteja juu ya mikopo. Baadaye watu walipoanza kufanya mambo ya benki kwa simu zao, matawi yakaanza kufungwa, na makarani wakapungua kweli. Kwa hiyo asije mtu akawadanganya makarani vijana kwamba hakuna kitakachopotea. Kazi ya kunakili imekwisha. Kazi ya kuzidisha imekwisha. Aliyejifunza hayo mawili tu amebaki mikono mitupu, na baadhi ya wenzetu wako hivyo sasa, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, nao twawaonea huruma bila kujua la kuwaambia.

Tena vijana nao wana upungufu wao. Waomba kazi wa siku hizi wajua simu na kompyuta kuliko sisi tulivyojua kalamu, lakini ukimpa mmoja daftari la zamani lililoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, hawezi kulisoma. Ukingo mwekundu kwake ni madoa. Twadhani yafaa Chama kiwapeleke vijana wawili watatu Moshi kila mwaka. Chuo cha Ushirika cha huko kilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya kuwafundisha watumishi wa vyama kama hivi, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu. Lakini kabla hawajaondoka wakae mwezi mmoja na karani wa zamani, wasome naye madaftari, ukurasa kwa ukurasa, kabla yeye hajastaafu na kuondoka na alichokijua.

Sasa twarudi kwenye pendekezo. Twakubali kwamba makarani watatu katika chama cha msingi ni wengi. Mishahara yetu yatoka katika korosho zenu, katika tozo ya kila kilo, na si haki mlipe watu watatu kwa kazi ambayo mashine yaifanya kwa dakika. Lakini mmoja hatoshi. Huyo mmoja atakaa penye mizani, kwa kuwa mizani haiwezi kuachwa peke yake. Na mkulima mwenye swali atamwuliza nani? Atapewa namba ya simu apige. Mlioipiga namba ya namna hiyo mwajua: bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri, salio limekwisha.

Twaomba wabaki wawili. Wa kwanza awe wa mizani. Wa pili awe karani wa masahihisho, mwenye siku maalumu na kiti chake, ambaye kazi yake yote ni kusikiliza malalamiko, kulinganisha mashine na karatasi, na kuandika jibu ambalo mkulima ataondoka nalo mkononi, lenye jina la aliyelitoa. Jina hilo ndilo tunalolisisitiza. Mashine haina jina la kuitwa mbele ya Bodi, nasi tunalo. Tulipokosea kwa yule bibi, ilijulikana ni nani waliokosea, na tulikwenda kwa miguu yetu kumwomba radhi.

Tena twaomba asipunguzwe karani yeyote kabla orodha ya mashine haijasomwa hadharani katika kila kijiji, jina kwa jina, kwa sauti, kama uzito ulivyokuwa ukitajwa penye mizani ya rula. Kazi hiyo itachukua majuma mengi na itachosha. Wako watakaosema ni mambo ya kizamani, kwa kuwa kila mtu aweza kuangalia habari zake katika simu. Twawajibu kwamba wengi wa wanachama wetu wana simu ya tochi, na wengine hawana kabisa, na jina la marehemu halina mtu wa kuliangalia. Mafundi wa mfumo nao tumewaomba waongeze safu ya tano, tupu, ya maelezo, inayochukua maneno na si namba tu. Walituuliza tutaandika nini humo. Tukawaonyesha daftari.

Na kwa kuwa tumesema juu ya kusoma orodha hadharani, tuwaondolee hofu wale waliojiuliza juu ya siri zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, yatuhusu sisi pia. Namba ya akaunti ya mtu na namba yake ya simu si vya kutangazwa penye mkutano. Kitakachosomwa ni jina, kijiji, na kama mwenyewe yu hai na ndiye mkulima.

Hatukutaka kungoja uamuzi wa mkutano mkuu ili kuanza. Juu ya meza iliyo karibu na mlango wa ukumbi huu tumeweka madaftari ya msimu wa kwanza wa Chama, na kando yake orodha mpya ya mashine, iliyochapwa, na namba za siri zimefunikwa. Kila mwanachama aweza kulitafuta jina lake katika vyote viwili. Asiyesoma atasomewa. Penye tofauti amwambie karani aliyeketi pale, naye ana kalamu nyekundu. Chakula kitakuwa tayari saa 7.